Bahari ya nyanya na lenzi ya shilingi 38,000

KIJANA mmoja msomaji wa ukumbi huu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mombasa, aliniletea swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa mistari mitatu. Alikuwa na shilingi 38,000. Sehemu ilikuwa akiba yake mwenyewe, na sehemu ilikuwa mchango wa binamu zake. Alitaka kununua lenzi ya kupigia picha za mandhari. Muuzaji wa duka moja mjini, ambalo sitalitaja, alikuwa amemwonyesha lenzi pana mno, ya milimita 10 hadi 20, akamhakikishia kwamba picha ya mandhari ni lenzi pana na hakuna jingine. "Je, dada, niichukue?" akauliza.

Ningalimwambia asubiri kidogo na mambo yangaliishia hapo. Lakini mwisho wa barua yake alieleza sababu.

Nyanya yake ameishi Kibokoni, katika Mji wa Kale, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, kwa zaidi ya miaka 50. Sasa magoti yamekataa ngazi. Jamaa walikaa wakaafikiana kwamba ahamie kwa mwanawe Kisauni kabla ya mwezi wa Ramadhani. Bibi alikubali kwa sharti moja tu: apewe picha kubwa ya bahari anayoiona dirishani kwake kila siku, itundikwe katika chumba kipya mahali atakapoiona akiwa kitandani. Vyumba vyenyewe vilikwisha kupata mpangaji mwingine. Baada ya kuhama, hakuna wa kubisha hodi na kusema jamani, tunaomba kurudia picha.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, hili halikuwa swali la lenzi peke yake. Zilikuwepo pesa za watu kadhaa, na dirisha ambalo lingefungwa baada ya wiki chache. Nilimpigia simu nikamsihi asinunue kitu chochote mpaka tuende pamoja tukaitazame hiyo bahari.

Kabla sijafika Kibokoni, niseme jambo moja linalonihusu. Nilipomaliza diploma yangu ya uandishi wa habari, malipo yangu ya kwanza ya maana niliyatumia kununua lenzi pana. Nilikuwa nimeona picha za milima na mabonde katika magazeti ya nje, nikaamini kwamba upana ndio uzuri. Siku ya kwanza nilikwenda nayo Fort Jesus. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, na kuta zake ni za kumwinua mtu shingo. Katika picha zangu ilitokea kama kiberiti kilichosahauliwa uwanjani. Mbele yake palikuwa na lami nyingi, na juu yake palikuwa na mbingu nyingi zisizokuwa na hata wingu. Niliilaumu lenzi, nikamlaumu aliyeniuzia, na nililaumu jua. Ilinichukua karibu mwaka kutambua kwamba mimi ndiye niliyesimama mbali.

Milimita ni kitu gani?

Namba iliyoandikwa kwenye lenzi, 18, 50 au 200, ni urefu wake wa fokasi kwa milimita. Jinsi namba inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyomeza eneo kubwa zaidi, na ndivyo kila kitu kilichomo kinavyotokea kidogo. Namba ikiwa kubwa, lenzi huchukua kipande chembamba na kukijaza ndani ya picha.

Kamera ya kijana wetu ni ya kidijitali yenye sensa ndogo, kama zilivyo kamera nyingi za wanafunzi. Kwa kamera hiyo, lenzi ya milimita 10 huona pembe ya nyuzi 109 hivi kutoka kona hadi kona. Ile ya 18 huona nyuzi 76, ya 24 nyuzi 61, ya 50 nyuzi 32, na ya 200 huona nyuzi nane tu. Aliyezoea kamera za zamani za filamu azidishe namba hizi kwa moja na nusu ili apate zile alizozijua. Yaani 24 ya kamera hii ni sawa na 36 ya kamera ya mkanda.

Lipo kosa moja ambalo hata watu waliosoma hulirudia. Husema kwamba lenzi ndefu "huleta" vitu karibu na vitu vingine, na kwamba lenzi pana "huvitenganisha". La hasha. Kinachofanya hivyo ni mahali uliposimama. Ukiwa hatua mbili kutoka kwenye mashua na minara iko ng'ambo, mashua itakuwa jitu na minara itakuwa sindano. Ukirudi nyuma hatua 100, ukubwa wa mashua na wa minara utakaribiana. Lenzi huja baadaye, kukata kipande unachokitaka kutoka hapo uliposimama. Kwa hivyo, anayeanza kwa kuchagua lenzi kisha akatafuta pa kusimama ameanzia mkiani.

Wakongwe wa Mombasa watawakumbuka wapiga picha wa Likoni wa miaka ya 1990, wenye vibanda karibu na kivuko cha feri. Nyuma ya mteja waliweka pazia lililochorwa mandhari, na mtu wa bara aliyekuja kutembea alirudi kwao na picha yake akiwa amesimama mbele ya dunia nzima. Mchoraji alikuwa na uhuru ambao sisi hatuna: akitaka meli iwe kubwa, huichora kubwa. Mwenye kamera akitaka meli iwe kubwa, hana budi kutembea.

Asubuhi ya kwanza

Tulifika Kibokoni saa moja asubuhi. Nilikuwa nimeazima lenzi tatu kwa mwenzangu wa gazetini: hiyo hiyo ya 10 hadi 20 iliyokuwa imesifiwa dukani, moja ya 50, na ndefu ya 55 hadi 200. Kijana alikuwa na ile ya 18 hadi 55 iliyokuja na kamera yake, ambayo aliiita "ya bure" kwa sauti ya kuionea haya.

Nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba, na kabla kamera haijatoka mkobani yakaja mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Tulikula tukitazama dirisha. Ni dirisha la mbao lenye vipindo viwili, upana wake unapungua kidogo mita moja na robo. Juu ya mapaa ya jirani unaona maji ya mlango wa hori ya Tudor, ng'ambo yake English Point, na kulia, mbali, mstari mweupe ambapo mawimbi hupasukia mwamba.

Tulianza na lenzi pana, ili pesa za binamu zijue hatima yake mapema. Kijana alisimama mita mbili kutoka dirishani akapiga kwa milimita 10. Nyanya akavaa miwani, akaitazama skrini ya kamera kwa makini.

"Mwanangu," akaniambia mimi, si mjukuu wake, "mbona mumenipigia picha ya ukuta?"

Alisema kweli. Kwa umbali huo, lenzi hiyo inachukua upana wa karibu mita tano. Ndani ya picha mlikuwa na kabati, kalenda, feni, meza ya chai na sahani ya mahamri. Katikati palikuwa na dirisha dogo, na ndani yake bahari kama uzi wa buluu. Kijana akasogea mpaka akatoa kamera nje ya dirisha. Sasa ukuta uliondoka, lakini bahari ilibaki uzi, na mabati ya jirani yakajaa nusu ya picha.

Tukaweka ile ndefu, kwenye 200. Ikatokea picha safi kabisa: ngarawa mbili, nyuma yake majumba ya English Point, maji yakimetameta. Mimi niliipenda na nakiri kwamba ningaliitoa gazetini. Bibi aliiangalia akarudisha kamera.

"Hii ni bahari ya watu wengine," akasema. "Yangu ina dirisha."

Hapo ndipo mimi na mjukuu wake tulipoelewa kazi tuliyopewa. Hakutaka bahari. Alitaka bahari ionekanavyo kutoka ndani ya chumba chake, na mbao za dirisha pembeni. Jua nalo lilikuwa likitoka ng'ambo, linaingia moja kwa moja ndani ya lenzi, na kila picha ilikuwa na madoa ya mng'ao na mbao nyeusi tititi. Nikamwambia kijana tufunge mikoba.

Vichochoro, ngome na mwezi

Kwa kuwa siku ilikuwa bado changa, tulizunguka kidogo, na nitawaeleza tuliyoyajaribu kwa sababu najua wako wengi wenye swali kama lake.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale ndipo lenzi pana inapopata kazi ya halali. Ndia nyingi ni nyembamba, huna pa kurudi nyuma. Chukua mlango wa nakshi ulioko ng'ambo ya kichochoro cha mita tatu. Kamera ikisimamishwa wima, milimita 24 itakupa kimo cha mita tatu kasoro kidogo, kwa hivyo mlango mrefu pamoja na fremu yake utakubana. Milimita 18 itakupa karibu mita nne, na hapo unapumua. Milimita 50 itakupa kufuli na misumari. Lakini usishuke hadi 10 kwa tamaa, kwani pembeni mwa picha vitu huvutika, na mtu aliyeketi barazani kwenye kona ya picha hutoka na kichwa kama papai.

Hatari nyingine ya vichochoro ni kuinua kamera juu ili roshani zote ziingie. Ukiinua, kuta huanza kulaliana kama walevi wawili. Iweke kamera sawa bila kuiinamisha wala kuiinua, hata kama sehemu ya chini itajaa sakafu, kisha uikate baadaye. Au omba ruhusa upande ghorofa ya jirani wa mkabala. Tulifanya hivyo karibu na Msikiti wa Mandhry, ambao historia yake hurudishwa nyuma hadi mwaka wa 1570 hivi na ambao mnara wake wa umbo la pia ni mgumu kuupata mzima kutoka chini. Na neno "omba" nalisisitiza. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka wa 1990, lakini si makumbusho, ni nyumba za watu. Mama anayetoka na kikapu hakukuomba umtie katika mandhari yako.

Mbele ya Fort Jesus nilimwonyesha kijana mahali niliposimama na ile lenzi yangu ya kwanza, akacheka kuliko ilivyostahili. Ngome ile iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011, na mojawapo ya sababu ni mchoro wake uliofuata umbo la mwili wa mwanadamu. Mikono, miguu na kichwa hicho huwezi kuviona kwa lenzi yoyote ukiwa chini. Vinaonekana kutoka angani tu. Ukiwa chini, dawa ni kusogea hadi karibu na pembe ya ukuta, kwa milimita 18, asubuhi wakati jua linapolamba jiwe la matumbawe kutoka upande, mashimo na mikwaruzo yake yote ikatoka. Jua la saa sita huku kwetu linakaa utosini na hulifanya jiwe hilo kuwa kama ukuta wa karatasi.

Anayetaka Mji wa Kale wote kwa pamoja avuke. Kutoka upande wa English Point, asubuhi, jua liko mgongoni mwako na nyumba zote za ukingoni zimewaka. Hapo lenzi ndefu ni mfalme. Tuseme kuna mita 500 za maji kati yako na mji: milimita 18 itakupa ukingo wa mita 650, mwingi wake ukiwa maji na mawingu. Milimita 200 itakupa mita 59, yaani nyumba chache na jahazi lililotia nanga, na madirisha yakihesabika.

Ama kwa feri ya Likoni na bandari ya Kilindini, kamera yako iache mkobani. Sehemu hizo zina ulinzi, na nimeshuhudia mtalii akifutishwa picha za siku nzima.

Kijana aliniuliza pia kuhusu mwezi mpevu unaotoka baharini, ule unaopendwa na watu wanaokwenda kupunga upepo Mama Ngina. Kila mtu ameupiga kwa simu na kila mtu amepata nukta. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya milimita za lenzi kwa 110, upate upana wa mwezi juu ya sensa kwa milimita. Kwa lenzi ya 18, mwezi haufiki hata moja ya tano ya milimita. Ukigawanya kimo cha picha mara 90 na zaidi, sehemu moja ndiyo mwezi. Kwa 200 unafikia sehemu moja ya tisa. Aidha, usingoje usiku wa mwezi kamili. Jioni ya kutangulia, mwezi hutoka kabla jua halijazama, na bahari bado ina rangi.

Wenye simu nao wasijione wametengwa. Lenzi kuu ya simu nyingi za siku hizi inalingana na milimita 24 hadi 26 za kamera ya mkanda, na baadhi zina ya pili, pana zaidi, ya 13 hivi. Ukivuta kwa vidole katika simu isiyokuwa na lenzi ndefu, simu hukata kipande cha katikati na kukikuza, basi. Ni afadhali utembee.

Lenzi na hewa ya pwani

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ni jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi, na hapa kwetu limeua lenzi nyingi kuliko kuanguka. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Lenzi iliyofungiwa mkobani, gizani, juu ya kabati, huota kuvu ndani, kati ya kioo na kioo. Huanza kama utando wa buibui pembeni. Ukiipuuza, hula rangi nyembamba iliyopakwa kwenye kioo, na hapo hata fundi hawezi kuirudisha ilivyokuwa. Iweke lenzi yako katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Zaidi ya hayo, itumie. Lenzi inayotoka juani mara kwa mara haioti kuvu upesi.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi ukaingia nje, kioo hutoa jasho papo hapo. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni kwa nusu saa ipate joto la nje kabla hujaifungua. Na wakati wa kusi, mawimbi yanapogonga miamba ya Mama Ngina, hewa yote ni chumvi. Futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi kisha kikavu, siku hiyo hiyo. Mwenye kununua lenzi iliyotumika katika mji huu aimulike na tochi kwa nyuma kabla ya kutoa hata shilingi. Lenzi ya milimita 50 ya kawaida aghalabu ni ya bei nafuu kuliko nyingine zote na ni kali, lakini hiyo niliyoazima ilikuwa na kuvu. Mwenzangu hakujua. Nilimpelekea habari hiyo pamoja na mahamri.

Jioni ya pili

Tulirudi Kibokoni siku moja kabla ya mwezi kuwa kamili. Hatukuichagua kwa sababu ya mwezi. Dirisha la bibi linatazama mashariki, kwa hivyo saa za kulipiga ni jioni, jua likiwa nyuma ya nyumba na kumulika maji na ng'ambo. Na katika siku za bamvua, hapa Mombasa maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne. Yakipwa, ukingo huonyesha matope na mifuko ya plastiki ambayo hakuna aliyeiomba ukutani.

Saa kumi na moja tulikuwa tumejipanga. Maji yalikuwa bado juu. Bibi alikuwa ameagiza dirisha lifutwe.

Kulikuwa na tatizo moja la kweli. Mbao za dirisha ziko mita mbili kutoka kwenye kamera, ilhali bahari iko mbali, na vyote viwili vilitakiwa viwe wazi bila ukungu. Kwa lenzi ya 50 haikuwezekana: fremu ilikatwa, na ukilenga mbao bahari hufifia, ukilenga bahari mbao hufifia. Ukirudi nyuma unagonga kitanda. Kwa milimita 24 mambo hubadilika. Kwa umbali wa mita mbili inachukua upana wa karibu mita mbili, kwa hivyo dirisha zima linaingia na kipande kidogo cha ukuta kila upande. Na ukifunga tundu la lenzi hadi f/8, kisha ukalenga kitu kilichoko mita tatu na nusu au zaidi kidogo mbele yako, kila kitu kuanzia mita 1.8 hadi upeo wa macho hutoka wazi. Usiifunge hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali. Tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika na picha nzima hulainika.

Mita tatu na nusu mbele ya kamera ilikuwa nje ya dirisha, hewani. Tulipima kwa kamba ndani ya chumba, kijana akalenga mgongo wa kiti nilichokiweka upande wa pili kwa umbali huo huo, akafunga fokasi isibadilike, akaigeuzia kamera dirishani.

Na lenzi yenye milimita 24, msomaji, ilikuwa ile ile ya 18 hadi 55. "Ya bure."

Tulichokosa ni stendi ya miguu mitatu. Chumba kilikuwa na giza na mkono hauwezi kutulia. Siku hiyo tulitumia meza ya chai, kamusi na mfuko wa mchele uliokalia kamera vizuri ajabu. Tulifungua mlango wa nyuma ili mwanga wa ukumbini uwafikie mbao, tukaiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Tulipiga kila baada ya dakika tano, kuanzia saa kumi na moja hadi giza lilipoingia. Nzuri zaidi ni ya saa kumi na mbili na dakika chache, wakati mwanga wa nje ulipungua ukalingana na wa ndani. Maji yalikuwa yameshuka robo hivi. Mwezi ulikwishatoka juu ya English Point. Kijana aliuangalia kwenye skrini akasikitika kwamba ni punje ya mchele. Nilimkumbusha hesabu ya 110. Ukitaka dirisha, mwezi utakuwa punje.

Bibi alizikagua zote, moja baada ya moja, akinywa kahawa. Alifika kwenye hiyo akanyamaza. Kisha akaonyesha kwa kidole upande wa kushoto wa fremu, mahali mbao zilipochubuka.

"Hapo babu yenu alikuwa akifungia kamba ya chandarua," akasema.

Zile 38,000 zilikwendaje? Kijana alinunua stendi nzuri, si ile nyepesi inayotetema kwa upepo. Alilipia uchapishaji wa picha ya upana wa mita moja na fremu ya mbao kutoka kwa fundi seremala. Baki iliyosalia aliwarudishia binamu zake, jambo lililowashangaza hata wakampigia simu kuuliza kama ni mzima. Muuzaji wa duka lile bado humtumia ujumbe kuhusu lenzi pana.

Wiki iliyopita nilialikwa Kisauni. Picha ilikuwa imetundikwa mbele ya kitanda kama alivyotaka, kwenye ukuta wa kaskazini. Tulipoingia, bibi alikuwa ameketi akiitazama na kukunja uso. Nilidhani tumekosea rangi.

"Bahari haikai upande wa kibla," akasema. "Bahari iko mashariki. Na kitanda pia mkigeuze."

Mjukuu wake akaenda kutafuta nyundo.